Nyumba ya Mawe, Joto na Bili ya Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameokotwa barazani, ngazini na juu ya mapaa, mengi Mji Mkongwe wa Unguja na machache Lamu. Waulizaji ni wenye nyumba, wapangaji, mafundi, na mara moja warithi saba wa nyumba moja waliokuja wote pamoja. Anayejibu amekulia Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, na kazi yake ni kusimamia ukarabati wa nyumba za chokaa. Nyumba za miji hii miwili zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo swali la "nibadilishe nini" lina mipaka yake.

Bibi alikuwa akisema nyumba hii ni baridi. Mbona sasa ni tanuri?

Kwa sababu nyumba aliyoijua bibi siyo hii unayolala wewe. Mawe ni yaleyale, lakini kuna mtu kaifunga pumzi. Kabla hujaniuliza kiyoyozi cha aina gani ununue, panda na kushuka ngazi ukitazama mambo manne: uwazi wa katikati ya nyumba umefunikwa? Madirisha ya mbao yametolewa yakawekwa ya kioo? Juu ya chumba cha mwisho kuna bati tupu? Kuta zimepigwa lipu ya simenti? Nyumba nyingi ninazoitwa kuzitazama zina matatu kati ya hayo manne. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kutoa vilivyoongezwa, na kutoa ni rahisi kuliko kununua.

Lakini ukuta wenyewe ni mnene. Hautoshi kuzuia joto?

Unasaidia, hautoshi. Ukuta wa mawe ya matumbawe wenye unene wa nusu mita au zaidi huchukua saa nyingi kupata moto, ndiyo maana adhuhuri ukiingia ukumbini unahisi kama umetumbukia kivulini. Tatizo ni kwamba joto ulilolinywa mchana utalitapika usiku. Bara, ambako usiku ni wa baridi, ukuta hupoa wenyewe. Huku pwani tofauti ya mchana na usiku ni nyuzi chache tu, na hewa imejaa maji. Kinachotutesa ni fukuto, na dawa ya fukuto ni hewa inayotembea juu ya ngozi.

Kwa hiyo wazee walijenga kwa ajili ya vivuli na upepo kwa pamoja. Vichochoro vyembamba ili nyumba zikingane jua. Roshani ili ukuta usipigwe moja kwa moja. Litazame jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883: ukumbi wa nje uliouzunguka mwili wa jengo, ghorofa juu ya ghorofa, ulifanya kazi ya mwavuli. Jumba hilo husifiwa kwa kutangulia kupata taa za umeme hapa Unguja, lakini ubaridi wake haukutoka kwenye umeme.

Utaratibu wa kila siku ni huu: jua likipanda, funga luva, vile vibao vya mshazari vya madirisha ya mbao, za upande linakopiga na uache za upande wa kivuli. Jioni fungua kila kitu, usiku kucha.

Tulifunika uwazi wa katikati kwa karatasi za plastiki ili mvua isituingilie. Ni kosa?

Ndiyo, na ni kosa ninalolikuta kuliko yote. Uwazi ule, ambao Lamu huuita kiwanda, ni bomba la moshi la nyumba. Hewa moto hupanda na kutokea pale, na ikitoka huivuta hewa ya kichochoroni ipite mlangoni, ukumbini, vyumbani. Ukiuziba, hasa kwa plastiki inayopitisha mwanga, umejenga banda la kuoteshea miche na wewe ndiye mche.

Mvua ni kero ya kweli, siikatai. Ondoa karatasi zilizolala juu ya kuta, kisha weka kipaa chepesi chenye miguu, kilichoinuka nusu mita au zaidi juu ya ukingo na kutokeza nje kidogo pande zote. Maji yanakwenda kando, hewa inatoka ubavuni. Miguu ikae juu ya mbao, isichimbiwe ukutani, ili siku ukikitoa kisiache kovu.

Madirisha ya alumini yana ubaya gani? Hayaozi.

Hayaozi, na hayapitishi hewa. Dirisha la kusukuma pembeni, hata ukilifungua lote, nusu yake imebaki kioo. Dirisha la mbao la mabawa mawili hufunguka lote, na ukilifunga luva zake bado zinapitisha upepo huku zikizuia jua, mvua na macho ya jirani. Kioo kikipigwa na jua kinaingiza joto ambalo halitoki tena. Juu ya hayo, sura ya mtaa imekwenda.

Bawa lililooza chini halihitaji kutupwa. Seremala mzuri hukata kipande kibovu akaunga kipya. Mbu wasikushawishi kuweka kioo: tengeneza fremu nyepesi ya wavu upande wa ndani, inayotoka kwa vitasa viwili. Na usizibe tundu zilizo juu ya milango. Zile hazikuwekwa kwa pambo peke yake. Hewa moto hukaa karibu na dari na njia yake ni pale.

Fundi anasema lipu ya simenti ni imara zaidi ya chokaa. Anadanganya?

Hadanganyi. Ni imara zaidi, na hapo ndipo balaa inapoanzia. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo. Ni kitu laini, chenye vitundu, kinachokunywa maji kutoka ardhini na kwenye mvua kisha kuyaachia hewani taratibu. Chokaa inauruhusu ukuta, simenti inaufungia maji ndani. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, yakibeba chumvi, na mwisho hutokea mahali pabaya: kwenye vichwa vya boriti za mikoko vilivyolala ndani ya ukuta. Boriti inaoza pale usipopaona. Siku moja dari inashuka kiganja kizima na watu wanasema nyumba ni kongwe. Ukongwe umesingiziwa.

Hili linahusu umeme pia. Ukuta uliolowa hupitisha joto upesi kuliko mkavu, na chumba chenye ukuta wa maji kina fukuto usiku na mchana. Nimewahi kubandua lipu ya simenti kwenye chumba cha chini, tukaacha ukuta wazi msimu mzima wa kusi, na mwenye nyumba akaniambia mapangaboi mawili sasa yamekuwa moja.

Ikiwa simenti imeshapigwa, usiibandue yote kwa pupa, kwa maana pengine imeshika mawe kwa nguvu na yatatoka nayo. Anza na mita moja ya chini, ambako unyevu ni mwingi, na ujaribu kwanza mahali padogo. Lipu mpya iwe ya chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu moja kwa tatu za mchanga usio wa chumvi, kwa matabaka membamba. Kila tabaka lipate siku zake na linyunyiziwe maji lisikauke mbio. Fundi akikwambia atamaliza ukuta kwa siku moja, mpe chai na umshukuru.

Rangi gani nipake?

Chokaa. Nyeupe hurudisha jua, haizibi vitundu vya ukuta, na ni bei ndogo. Ipakwe nyepesi, mara tatu au nne. Rangi za plastiki hufanya kosa lilelile la simenti, kwa wembamba tu.

Vyumba vya juu ndivyo vibaya zaidi. Nifanye nini na paa?

Hapa ndipo fedha yako ina faida kubwa kuliko popote, hivyo nitakaa kidogo.

Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na paa la bapa: boriti, mawe, kisha sakafu nene ya chokaa iliyopigwa kwa vigongo siku kadhaa hadi ikashikana. Paa hilo lina uzito mkubwa, lakini linachelewesha joto. Unguja, kwa ajili ya mvua, mengi yalifunikwa baadaye kwa mabati ya mwinuko. Bati lilisaidia maji na likaleta moto. Saa saba mchana halishikiki kwa mkono, na linachotoa kinashuka moja kwa moja kichwani mwako.

Kama chini ya bati bado kuna dari ya zamani ya boriti, una bahati. Uache uwazi huo wa kati upumue: toa matofali yaliyoziba pembe, weka nyavu za kuzuia popo na ndege, acha upepo upite upande hadi upande. Kisha chini ya mabati tandika karatasi ya foili inayong'aa, ikiachana na bati kwa sentimita mbili tatu, na uso unaong'aa utazame uwazi. Ikigusana na bati haifanyi kazi. Nimeona watu wakiigundisha kwa gundi kisha wakailaumu. Bati lenyewe likipakwa rangi ya kurudisha jua hupungua ukali, ila ulizia kwanza rangi inayoruhusiwa, kwa sababu mapaa ya Mji Mkongwe yanaonekana kutoka juu na ni sehemu ya sura yake.

Kama dari ya zamani ilishatolewa, usikimbilie kumwaga zege. Hilo naliomba kwa mikono miwili. Zege na nondo zake huongeza mzigo juu ya kuta zisizojengwa kuubeba, nondo huota kutu kwa chumvi na kupasua, na zege lenyewe linapata moto kama bati lililo nene. Boriti mpya zenye kibali na mbao juu yake ni nyepesi, na siku ikioza moja unabadilisha moja.

Na tazama milizamu, yaani mifereji ya maji ya paa, kabla ya hayo yote. Paa lolote linalovuja maji ukutani litakula kila senti unayotumia chini yake.

Makuti je? Lamu naona wanayaweka juu ya paa la bapa.

Yanafaa sana. Yanatia kivuli juu ya sakafu ya chokaa huku upepo ukipita chini, na jioni una mahali pa kukaa. Kinachonitia hofu ni moto, kwani nyumba zimeshikana na cheche haiulizi mpaka. Usipikie chini yake, usipitishe nyaya ovyo, na yasipande juu kiasi cha kumziba jirani upepo. Ugomvi wa upepo Lamu hauna masihara.

Nataka kiyoyozi. Utanikataza?

Sikukatazi. Mwezi wa Februari, kaskazi imekufa na kuna mgonjwa au mtoto mchanga ndani, kiyoyozi ni haki. Ila jua unachokifanya.

Hewa ya pwani imebeba maji. Glasi ya barafu ukiiweka mezani hutoka jasho. Ukuta uliopozwa hufanya vivyo hivyo, ila wa chokaa unalinywa jasho lake. Chumba kikipozwa hadi nyuzi 18 huku mlango unafunguliwa kila dakika, baada ya miezi michache utaona ukungu mweusi kwenye pembe na nyuma ya kabati, na chumvi ikichanua kama unga. Kwa hiyo chagua chumba kimoja, kidogo, cha kulala. Ziba mianya ya chumba hicho peke yake, kwa utepe wa mpira kwenye mbao na kibao cha ndani cha kufunika luva, vyote vya kutolewa. Weka nyuzi 26 na pangaboi la taratibu. Upepo wa pangaboi hukufanya uhisi ubaridi wa nyuzi mbili tatu zaidi, bila kuupoza ukuta. Kiyoyozi kiwe cha inveta, yaani kinachopunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima, na mchana kizime ufungue madirisha chumba kikauke.

Kwa hesabu ya haraka: pangaboi la kawaida linakula wati 60 au 75, mapya yenye mota isiyo na brashi nusu ya hapo. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinakula karibu wati 1,000 kompresa ikiwaka. Fanya mwenyewe mgawanyo.

Kipande cha nje kisining'inizwe upande wa mtaani. Kinachafua sura ya nyumba, na ukuta wa matumbawe haushiki boliti kama zege. Kiweke juu ya paa, kwenye fremu iliyolala juu ya ukuta mkuu, na maji yake yapewe bomba hadi kwenye mfereji. Yale matone unayoyaona yakichora mstari wa kijani ukutani mwa jirani ni lita kadhaa kwa siku.

Pangaboi litundikwe wapi kama dari ni ya boriti?

Lisitundikwe kwa skrubu kwenye boriti moja. Laza kipande cha mbao ngumu juu ya boriti mbili au tatu zilizo nzima na ufunge kulabu kwacho. Gonga boriti kwanza kwa kijiti: ikilia kavu ni nzima, ikilia kama boksi tafuta nyingine na umwite fundi.

Dari ya jipsamu itapunguza joto?

Kidogo, na itaficha boriti zinazooza, mchwa na mvujo hadi siku ya msiba. Sipendi.

Nitoboe kuta ili nifiche nyaya?

Usitoboe. Mfereji wa waya kwenye ukuta wa mawe na udongo hulegeza mawe mita nzima. Pitisha mabomba juu ya ukuta, kwenye pembe na kandokando ya boriti, yakiwa na rangi ya chokaa. Baada ya wiki huyaoni. Ukimwita fundi umeme, mwambie avue nyaya kuukuu pia, nyingine zina umri wa baba yako.

Jiko na friji vina uhusiano gani na bili?

Zaidi ya unavyodhani. Nyumba za Lamu ziliweka jiko juu kabisa, kidari cha meko, ili moto na moshi viishie angani. Sisi tumelishusha ukumbini. Likiwezekana lirudishwe juu, au liwe karibu na uwazi. Friji nayo usiisukumie kwenye pembe iliyofungwa ili ipendeze. Iachie kiganja kimoja nyuma na juu ipumue, na utazame mpira wa mlango wake, maana chumvi ya bahari huumaliza.

Paneli za sola zinaruhusiwa? Zitatutosha?

Kuruhusiwa ni jambo la kibali, na kibali hutegemea zaidi kama zinaonekana. Kuna mapaa mengi yenye ukingo ambamo paneli ikilala chini haionwi na mtu wa mtaani. Hilo linawezekana huku kwetu: Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta na Lamu karibu nyuzi 2, jua liko utosini sehemu kubwa ya mwaka. Mwinamo wa nyuzi 10 kuelekea kaskazini unatosha, na hata huo ni kwa ajili ya mvua kuziosha. Anayeinua fremu kubwa kama mabango ya matangazo anapoteza chuma.

Paneli moja ya wati 400 na kitu ina karibu mita 2 za mraba na kilo 20 hivi. Sita siyo mzigo wa kutisha kwa paa zima, ila upepo huzivuta juu, kwa hiyo fremu ishikwe kwenye mbao za paa, kamwe siyo kwenye ukingo wa matumbawe. Boliti ziwe za chuma kisichoota kutu. Chunga na kivuli cha nyumba ya jirani iliyopanda kuliko yako. Kinaweza kukuibia nusu ya siku. Betri zikae chini, mahali pakavu penye hewa.

Kutosha? Inategemea umepunguza nini kwanza. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu hivi bila umeme wa gridi, na ndani ya kaskazi. Waliokuwepo wanakumbuka ngurumo za jenereta na watu kulala mapaani. Nakumbuka kingine: nyumba ya jirani yetu, masikini wa Mungu, haikuwahi kukarabatiwa, uwazi wake wazi, luva zake zilezile. Ndiko sote tulikokwenda kukaa mchana. Nyumba ya namna ile leo ingetosheka na paneli tatu kwa taa, mapangaboi na friji.

Maji ya moto?

Hita ya jua ni nzuri, lakini tangi lake la lita 200 ni kilo 200 za maji mahali pamoja. Likae juu ya ukuta, si katikati ya boriti. Hesabu hiyohiyo kwa tangi la maji ya kawaida: lita 1,000 ni tani nzima. Ukiweza, tangi kubwa liwe chini na dogo juu.

Kibali nakitafuta wapi?

Mji Mkongwe ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Lamu ni ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na kaunti. Nenda na picha na mchoro, hata wa mkono, na uwaeleze kwamba unachoweka kinaweza kutolewa. Neno hilo hufungua milango. Ukienda baada ya kujenga, utaulizwa maswali mengine.

Mimi ni mpangaji katika nyumba ya wakfu. Kuna ninachoweza?

Kipo kingi: utaratibu wa madirisha, wavu wa kutolewa, taa za LED, pangaboi, friji kusogezwa. Kwa ukuta na paa, andikia wenye dhamana, na ambatanisha picha za mvujo zenye tarehe. Usijipigie simenti mwenyewe kwa nia njema.

Nina fedha kidogo tu. Nianze na nini, na lini?

Milizamu na mvujo kabla ya masika. Kisha fungua uwazi. Kisha foili chini ya bati. Madirisha yarudishwe moja moja, ukianza na la chumba unacholala. Kazi ya chokaa isubiri masika yaishe, kusi ikiingia, kwa sababu mvua huiosha na jua la kaskazi huikausha ikapasuka. Ukitaka kuiloweka mwenyewe, chimba shimo sasa, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Na upatane bei na fundi kabla hajapanda ngazini, akishafika juu akauona upepo ulivyo mzuri atakaa huko.